Mama Masanja wa Kambarage

Pumba za mpunga zinapoungua polepole ndani ya tanuru la matofali hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayokereketa koo, na harufu hiyo haitoki mwilini kwa kuoga mara moja. Ilikuwa kwenye shuka zetu, kwenye nywele zangu, kwenye sare yangu ya shule, na hata kwenye maziwa ya mgando ambayo mama aliyafunika kwa kawa juu ya kabati. Darasani walijua nimefika kabla hawajaniona. Tanuru lilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Kambarage, mjini Shinyanga, na kiangazi kizima, tangu mikokoteni ya ng'ombe ilipoanza kuleta pamba kutoka vijijini hadi mawingu ya kwanza yalipotokea, lilikuwa linafuka moshi. Mpaka leo nikipita mahali wanapochoma matofali hupunguza mwendo, nikavuta pumzi, kisha nikakasirika bila sababu ya maana na kuendelea na safari yangu.

Baba alikuwa fundi wa reli. Mchana alikuwa mali ya stesheni, na kuanzia alasiri alikuwa mali ya vijana. Ninaposema vijana nina maana ya wale walioteremka kwenye treni ya Tabora au ya Mwanza wakiwa na kifurushi kimoja kwapani, wale waliolala stendi na kubeba mizigo sokoni, na wale waliorudi kutoka Maganzo, walikokwenda kutafuta almasi wakarudi na vikohozi. Watu wa mjini waliwaita wahuni, wakafunga milango. Baba alikulia kijijini, ambako vijana hulima kwa ngoma, safu kwa safu, majembe yakipanda na kushuka pamoja, kila safu ikitaka kuishinda nyingine. Alikuwa akisema kwamba kijana akija mjini shida yake ya kwanza si njaa, ni kukosa safu ya kusimama. Basi akaihamishia safu hiyo uani kwetu. Upande mmoja walikanyaga udongo, upande wa pili walipiga matofali, na katikati alisimama mpiga ngoma. Walioshindwa waliteka maji kesho yake. Matofali yale yalijenga nyumba za watu wa mtaani wasiokuwa na uwezo, wajane kwanza, na kijana aliyeshiriki nyumba moja tangu msingi hadi paa alipewa kalibu yake mwenyewe, kibao cha kufyatulia matofali ambacho baba alikichonga kwa mkono, akaenda nacho kutafuta maisha. Mama naye alikuwa na cherehani barazani, na wasichana waliofukuzwa kwenye kazi za ndani au waliokimbia kuozwa walijifunza kwake kukata na kushona. Kazi hiyo waliianza kabla sijazaliwa na hawakuiacha mpaka nguvu zilipowaishia. Hakuna aliyewatuma, na sikuwahi kuwasikia wakiiita kazi.

Sasa nieleze jambo lililonisumbua. Kwetu mwanamke akishazaa haitwi tena jina lake. Huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mumewe vivyo hivyo, na mtaa mzima ulikuwa hivyo: Mama Hamisi jirani yetu mwuza vitumbua, ambaye wazee wake walitokea Ujiji, Mama Limi wa ng'ambo ya barabara, Baba Joni wa baiskeli. Mimi naitwa Kabula, na tumbo la mama yangu halikubeba mtoto mwingine. Lakini mama yangu hakuitwa Mama Kabula. Aliitwa Mama Masanja, na baba aliitwa Baba Masanja, na kijana Masanja hakuwa na tone la damu yetu.

Habari za Masanja nilisimuliwa na Mama Hamisi, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeona kwamba zinahitaji kusimuliwa. Wazazi wangu walikaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto, na ukoo wa baba ulikuwa umeanza kumtafutia mke wa pili. Asubuhi moja mama alifungua mlango akamkuta mvulana amelala barazani, ametokea machimboni Maganzo, mguu umevimba na unanuka. Hakujua kwao ni wapi; mama yake alifariki akiwa mdogo. Mama alimwosha, akamwuguza mpaka mguu ukapona, na wanawake wa mtaani wakaanza kumtania kisimani: haya, Mama Masanja, mwanao kaamkaje? Utani ukakolea ukawa jina. Mimi nilikuja baadaye, mwaka ambao mvua ilinyesha vizuri, na bibi yangu mzaa baba akaja kutoka kijijini na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na furaha tele. Alisema sasa mtoto wa tumbo amepatikana, mkwe wake aitwe Mama Kabula. Mama alikuwa bado kitandani. Alimjibu, "Mama, mimi nilishaitwa." Mama Hamisi alinisimulia hayo akicheka, akidhani nami nitacheka.

Sitaki mtu afikiri kwamba niliteswa. Nilikula, nilivaa, nilisoma. Lakini nilikula katika sinia moja na wasichana ambao mwezi ujao wangekuwa wengine, nikalala ubavuni mwa watu niliokuwa ndiyo kwanza nimeyajua majina yao, na kila nilipomzoea mmoja alipata mahali pa kwenda akaondoka. Nyumba ilijaa watu, na mimi nilikuwa peke yangu humo ndani kwa namna ambayo sikuweza kumweleza yeyote. Kulikuwa na sheria moja tu ambayo mama hakuivumilia ivunjwe: mtu asiseme "mama yangu" au "baba yangu" mle ndani. Tuseme mama, tuseme baba, basi, kwa sababu alikuwapo kila mara mtu ambaye hakuwa na wake wa kumtaja. Siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja kutazama ni akina nani wanaoishi kwetu, akasimama uani akashangaa. "Baba Masanja," akasema, "hebu nionyeshe, wa kwenu hapa ni yupi?" Baba hakuinua hata macho kutoka kwenye kibao alichokuwa akikichonga. "Wote," akajibu. Balozi akacheka, akasema mbona mnafanana kidogo sana. Nilikuwa nimesimama karibu yake nimenyoosha shingo, nikingoja angalau anitazame aone pua ya baba usoni pangu, lakini hakunitazama.

Kiangazi ninachotaka kukisimulia kilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, siku zile sabuni ilipokuwa adimu, sukari inasubiriwa kwa foleni, na mama anatufulia kwa majivu. Habari za dhahabu zilikuwa zimevuma kutoka upande wa Geita. Vijana waliacha ngoma katikati ya kazi ili wamsikilize mpita njia yeyote aliyesema amefika huko. Masanja alikuwa mtu mzima sasa, mwashi hodari na mkono wa kulia wa baba, na ndiye aliyebaki wakati wengine wote wanapewa kalibu na kuondoka. Niseme ukweli, alikuwa mwema kwangu. Alinibeba mabegani kwenda kutazama treni, na aliwahi kunijengea kijumba cha matofali mabovu nyuma ya choo, chenye mlango na dirisha, nikacheza humo mpaka mvua ikakibomoa. Siku moja alasiri alinawa udongo mikononi, akaingia ndani, akawaambia wazazi kwamba naye anakwenda machimboni. Baba aliuliza kama kuna aliyemkosea. Masanja akasema hapana, anataka tu siku moja arudi na kitu cha kumpa mama. Mama akasema, "Nimekuomba nini mimi?" Kesho yake asubuhi alipanda lori tupu la pamba lililokuwa likielekea Kahama, na mama akasimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Mimi nilifurahi. Nilikuwa na miaka kama kumi, na hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Masanja ameondoka, jina limebaki bila mwenyewe, na mrithi ni mimi. Nilingoja mtaa ulione jambo hilo wenyewe. Mtaa haukuliona. Asubuhi baada ya asubuhi niliwasikia wakipita, Mama Masanja umelalaje, Mama Masanja habari za huko aliko kijana, na kila mara mama alisimamisha cherehani kuwajibu kwa kirefu. Mwishowe nilikwenda kwa Mama Hamisi alipokuwa akikoroga unga wa vitumbua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikakaa mpaka akaniuliza nina nini. Nikamwambia ninachotaka: amwite mama yangu Mama Kabula. Mara moja tu, kwa sauti, watu wasikie. Aliacha kukoroga akanitazama. Hakucheka safari hii. "Haya, mwali wangu," akasema. "Nitakuitia."

Alitimiza ahadi siku hiyohiyo. Mama alikuwa uani akianika michembe juu ya jamvi, mgongo ameupa ua wa minyaa, na mimi nilikuwa mlangoni. Mama Hamisi alitokeza kichwa juu ya ua. "Mama Kabula!" akaita. Mama hakugeuka. Akapanga michembe, akatoa jiwe dogo akalitupa. "Mama Kabula, we mwenzangu!" Mama akanyanyua kichwa kidogo akatazama upande wa barabarani, kama mtu anayesikia mwingine anaitwa na kujiuliza ni mgeni gani huyo aliyehamia mtaani. Kisha akaendelea na kazi yake. Ningekuwa nimeona amekasirika, au amejifanya hasikii, ningepata cha kushika. Lakini mama yangu hakujua kabisa kwamba anayeitwa ni yeye. Mama Hamisi alinitupia jicho la haraka, la huruma, na akaita kwa sauti yake ya siku zote, "Mama Masanja!" Mama akageuka papo hapo, uso umemchanua. "Abee, Mama Hamisi!" Wakaanza kuzungumza habari za foleni ya sukari. Nikaingia ndani nikalala juu ya magunia ya pumba, sikulia, nilikuwa nimepigwa na butwaa tu.

Mvua za kwanza zilipoanza, kijana mmoja aliyekuwa na Masanja kule Geita alifika akasimama nje ya ua, hataki kuingia. Baba alimfuata huko huko. Duara walilokuwa wakichimba, shimo refu la kwenda chini kufuata mwamba wenye dhahabu, liliingiwa na maji usiku wakiwa kambini, na asubuhi Masanja aliteremka na wenzake wawili kuokoa zana zao, na kingo zikaporomoka. Aliyetolewa hai alikuwa mmoja, ndiye huyo aliyekuja. Masanja walimzika huko huko kwa kuwa hakukuwa na gari. Niliona baba akimshika yule kijana bega, akamleta ndani taratibu, akamwambia mama ampe maji ya kunywa. Mama alimpa maji kwanza, akamngoja anywe, ndipo akauliza.

Msiba ulikuwa kwetu, msiba ambao kaburi lake lilikuwa Geita. Vijana walikaa kimya kando ya tanuru lililozimwa, na wanawake walijaa chumbani kwenye mikeka, Waislamu na Wakatoliki, kila mmoja akisali kwa namna yake. Bibi alikuja kutoka kijijini. Alimlilia Masanja kwa dhati, maana naye alishamzoea, kisha siku ya tatu alizungumza mbele ya wanawake wote, kwa upole. "Mayu," alimwambia mama, kwa neno letu la Kisukuma la kumheshimu mwanamke, "watu wakikuita kila asubuhi wanamfukua marehemu. Utapona lini? Mungu amekuachia huyu hapa. Tukuite Mama Kabula." Nilikuwa nimeingia na birika la uji. Wanawake wote waligeuka wakanitazama, na Mama Hamisi akainamisha macho. Nililishika birika kwa mikono miwili uji usimwagike. Kile nilichokitamani kilikuwa kimewekwa katikati ya chumba, na aliyekileta ni mtu mzima ambaye hakuna aliyethubutu kumpinga.

Mama alinitazama muda mrefu. Sijapata kusahau macho yake, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza niliyohisi ananiona mimi tu. Kisha akamgeukia bibi. "Mama, Kabula nikimwita anaitika," akasema. "Ana baba, anaye bibi, ana ukoo mzima wa kumtaja mpaka wajukuu. Masanja alikuwa na nani? Mkiacha kuniita hivyo, jina lake litatamkwa na nani hapa duniani?" Bibi alifunika uso kwa khanga. Nikaweka birika chini nikatoka, nikaenda nyuma ya tanuru, na huko nikalia sana. Nilimlilia Masanja aliyenibeba mabegani, na nilimchukia, na nilijililia mwenyewe, yote kwa pamoja, na machozi hayakujua kujitenga.

Siku chache baadaye nilijaribu kutoitika. Mama aliita, "Kabula!" nami nikakaa kimya kwenye kivuli cha tanuru, nikitaka tu kujua itakuwaje. Akaita tena. Nikasikia cherehani imesimama, nikasikia anawauliza wasichana, anawauliza vijana, sauti inapanda. Alizunguka nyumba nzima, akaenda mpaka barabarani, akarudi, na aliponikuta pale alikuwa anahema na kichwa hakina kilemba. Nilijiandaa kwa kofi. Badala yake aliketi chini kwenye vumbi, karibu nami, akaegemeza mgongo kwenye matofali na kuweka mkono wake juu ya goti langu. Tulikaa hivyo mpaka ngoma ilipoanza upande wa pili wa uani, vijana wakamwulizia, akainuka akajikung'uta. Katika utoto wangu wote sikumbuki wakati mwingine niliokuwa naye peke yangu.

Sasa nina nyumba yangu Mwanza, ina uzio na geti, na jirani akisema Mama Neema huwa nimeshaitika kabla hajamaliza. Wanangu wana vyumba vyao na funguo zao, na wanasema "mama yangu" wanavyotaka. Nyumba ni tulivu mno, na kuna siku nakaa sebuleni nikajua kwamba utulivu huu ndio niliokuwa nikiuomba nilipokuwa mtoto, na haunisaidii kitu. Vijana wenye vifurushi bado wanakuja mijini. Siku hizi wanateremka kwenye mabasi. Mmoja alibisha hodi getini mwezi uliopita akaomba maji. Nilimpa, nikangoja amalize, nikapokea kikombe na kufunga geti. Wazazi wangu wangemwuliza amekula nini na kwao ni wapi, na kesho yake angekuwa ndani ya safu anakanyaga udongo. Ninawaheshimu kuliko watu wote niliopata kuwajua. Na bado kuna mtoto wa miaka kumi ndani yangu ambaye hajaridhika, na sidhani kama ataridhika.

Baba ndiye aliyetangulia. Mama alipomfuata, uani kwetu hapakutosha, ikabidi maziko yaanzie uwanja wa shule. Walikuja kutoka kila mahali, wajenzi wenye kampuni zao, madereva, mafundi cherehani wenye maduka, mtawa mmoja, wote na mvi zao. Msemaji wa familia akatangaza, kama ilivyo kawaida, kwamba watoto wa marehemu wasimame ili waombolezaji wawatambue. Nikasimama. Uwanja nao ukasimama, safu baada ya safu, nyuma mpaka kwenye miti. Kando yangu alikuwapo mzee mmoja mwashi kutoka Kagongwa, kofia ameishika kifuani, akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na wewe walikuokota wapi?"

"Mimi nilizaliwa humo ndani," nikamwambia.

Alinitazama. "Una bahati," akasema. "Wewe ulikuwa naye tangu mwanzo."

Nilitaka kumweleza, lakini yule mzee alikuwa analia waziwazi, kama mtu aliyefiwa na mama yake, maana ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa naye. Mbele kule msemaji alijaribu kutuhesabu, akakosea, akaanza upya, akakosea tena, na mwisho akakata tamaa na kusema basi, sote tukae.